Namba 366,980: Sifa Zake katika Hesabu na Habari Zake katika Serengeti

Mwezi wa Januari mwaka 1958 Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, waliruka kwa ndege ndogo juu ya nyika za Serengeti, wakahesabu wanyama wakubwa waliowaona chini yao. Walipokwisha kujumlisha walipata wanyama 366,980. Katika hao nyumbu walikuwa 99,481, punda milia 57,199, na swala tomi pamoja na swala granti 194,654. Waliosalia walikuwa wanyama wa namna nyingine, kama nyati, twiga na pofu. Mwaka 1959 jambo hili lilitangazwa kwa kitabu na kwa filamu ya jina moja, na tangu hapo namba hizo zimerudiwa katika lugha nyingi.

Mbuga hii imo sehemu moja katika wilaya ya Serengeti, na upande wake wa kaskazini yapakana na nchi ya Wakuria wa Tarime. Watoto wa huku, Wakuria, Wangoreme, Waikoma na Wanata, hukua karibu na wanyama hao, na shuleni hufundishwa kugawanya na kuzidisha. Kwa hiyo twaona inafaa kuichukua namba hii moja, 366,980, na kuiuliza maswali mawili. La kwanza: wewe ni namba ya aina gani? La pili: wewe ni shahidi wa namna gani? Maswali haya mawili huchanganywa mara nyingi, na kwa kuchanganywa huko watu hudhurika.

Kwanza tuitazame katika lugha. Kwa Kiswahili twaisoma laki tatu, elfu sitini na sita, mia tisa na themanini. Katika maneno hayo ni moja tu, tatu, lililo la asili ya Kibantu. Laki lilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na wafanya biashara. Elfu, sitini, sita, mia, tisa na themanini ni maneno ya Kiarabu. Tena ile sifuri ya mwisho twaiita kwa neno la Kiarabu, ijapokuwa alama yenyewe, pamoja na desturi ya kuipa kila tarakimu thamani kwa mahali pake, ilibuniwa na Wahindi, Waarabu wakaipokea na kuieneza. Ndiyo kusema, namba moja iliyohesabiwa Serengeti hutamkwa kwa maneno ya pwani tatu.

Lakini mtu asidhani kwamba kabla ya hapo watu wetu hawakuwa na maneno ya kuhesabia. Kiswahili cha kale kilikuwa na mtandatu kwa sita, mfungate kwa saba, na kenda kwa tisa. Na ishirini watu waliita makumi mawili. Fungate, yaani zile siku saba za arusi, ni mabaki ya neno hilo la saba ambalo wengi hulitumia leo bila kujua maana yake. Shina hilo hilo lasikika katika saba ya Wasukuma na ya Wakuria, na kenda ingali neno la kila siku kwa makabila mengi ya bara. Basi mwalimu akimfundisha mtoto wa Tarime kwamba fungate ni siku saba, amemwonyesha kwamba lugha ya nyumbani kwake na lugha ya shule ni ndugu.

Sasa tuje kwenye sifa zake katika hesabu. Sifa hizi hazitegemei nyumbu wala ndege. Zingekuwa zile zile hata kama namba hii ingekuwa ya punje za mtama au ya matofali.

Tarakimu yake ya mwisho ni sifuri, kwa hiyo yagawanyika kwa 10. Tarakimu zake mbili za mwisho ni 80, ambazo zagawanyika kwa 4, kwa hiyo namba nzima nayo yagawanyika kwa 4. Tarakimu tatu za mwisho ni 980, ambazo hazigawanyiki kwa 8, kwa hiyo namba nzima haigawanyiki kwa 8. Tukijumlisha tarakimu zote, 3 na 6 na 6 na 9 na 8 na 0, twapata 32. Na kwa kuwa 32 haigawanyiki kwa 3, namba yetu haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9. Majaribio haya mtoto wa darasa la tano aweza kuyafanya bila kutumia hata kipande cha chaki.

Tukiigawanya kwa 20 twapata 18,349, na hapo kazi yaanza kuwa ngumu. Namba hii ni witiri, haiishi kwa 5, na jumla ya tarakimu zake ni 25, kwa hiyo 2, 3 na 5 zimekwisha kushindwa. Hapana budi kuijaribu kwa namba tasa nyingine moja moja. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7, 11, 13 na 17. Kwa mfano wa uzazi twaweza kusema kwamba namba hiyo haikuzaliwa na nyingine mbili ndogo kuliko yenyewe. Tukiendelea kujaribu, 7 yashindwa, 11 yashindwa, 13 yashindwa, na kadhalika, hata tufikapo 59. Hiyo yaingia mara 311 kamili, wala hakuna baki. Na 311 yenyewe ni tasa. Basi 366,980 ni 2 mara 2 mara 5 mara 59 mara 311, wala hakuna njia nyingine ya kuivunja katika namba tasa. Jambo hilo, kwamba kila namba ina mkusanyiko mmoja tu wa namba tasa, lilithibitishwa wazi na Mjerumani Gauss katika kitabu alichokitoa mwaka 1801.

Njia ya kuzipata namba tasa zenyewe ni ya kale zaidi, nayo ilitoka Afrika. Eratosthenes, mlinzi wa maktaba ya Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alizaliwa Kirene, mji ule ule wa Simoni aliyeuchukua msalaba. Aliandika namba kwa mfuatano, akafuta kila ya pili baada ya 2, kila ya tatu baada ya 3, na hivyo hivyo, mpaka zikabaki zile zisizofutika. Njia yake huitwa chekeche, maana hupepeta namba kama mama apepetavyo unga.

Namba ya nyumbu, 99,481, yafaa zaidi kwa zoezi hili, kwa sababu yadanganya macho. Ni witiri, haiishi kwa 5, haigawanyiki kwa 3, wala kwa 7, wala kwa 11. Mwanafunzi mvivu ataiandika kuwa tasa. Lakini akivumilia mpaka namba tasa ya kumi na sita, ambayo ni 53, ataona kwamba 53 mara 1,877 ni 99,481 kamili. Namba ya punda milia nayo ni ya ukoo huo huo: 57,199 ni 47 mara 1,217. Zote mbili zimezaliwa na namba tasa mbili tu. Na mwanafunzi akiuliza ajaribu mpaka wapi, jibu ni kwamba aache pale ambapo namba ajaribuyo, ikizidishwa kwa yenyewe, yapita ile anayoichunguza. Kwa maana vigawo viwili haviwezi vyote kuzidi hapo. Kwa 99,481 mwisho wake ni 313.

Wayunani wa kale walizipanga namba kwa njia nyingine pia. Nikomako wa Gerasa, aliyeandika yapata mwaka 100 baada ya Kristo, alizigawa katika mafungu matatu kwa kuvijumlisha vigawo vya namba isipokuwa yenyewe. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Namba hiyo huitwa timilifu. Vigawo vya 8 ni 1, 2 na 4, jumla 7. Hiyo ni pungufu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16. Hiyo ni ya kuzidi. Mtakatifu Augustino wa Hippo, naye mtu wa Afrika, aliieleza sifa hiyo ya 6 katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, akiiunganisha na siku sita za uumbaji.

Je, 366,980 yaingia fungu gani? Ina vigawo 24. Jumla ya vyote ni 786,240. Tukiiondoa yenyewe husalia 419,260. Jumla hiyo yaipita namba yenyewe, kwa hiyo kwa kanuni ya Wayunani hii ni namba ya kuzidi. Ile ya nyumbu ni pungufu sana, kwa kuwa vigawo vyake vilivyo chini yake ni 1, 53 na 1,877 tu, ambavyo jumla yake ni 1,931.

Kabla ya kuiacha sehemu hii, hatuna budi kusema neno juu ya sifa moja iliyo nyepesi kuliko zote, yaani ushufwa. Shufwa ni namba igawanyikayo kwa mbili, na sifa hiyo haina kitu zaidi ndani yake. Walakini katika Tarime na Serengeti imefungwa na jambo zito. Habari zilizoandikwa kwa miaka mingi zasema kwamba koo nyingi za Wakuria huwakeketa wasichana hasa mwezi wa Desemba katika miaka igawanyikayo kwa mbili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka kumi na minane. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hata 49 walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha 28. Kwa hiyo mwaka wa shufwa ukaribiapo, wako wasichana wanaokimbilia katika nyumba za hifadhi, na walimu wawafahamu watoto ambao baada ya likizo hawakurudi darasani.

Tufikiri basi. Namba ya mwaka twaihesabu tangu kuzaliwa kwa Kristo, nayo ilifika Tarime pamoja na kalenda ya wageni. Mababu wa Wakuria hawakuujua mwaka 2022 kuwa ni 2022. Kama kalenda ingeanza mwaka mmoja mbele au nyuma, shufwa ingekuwa witiri. Namba haikuamuru kitu. Wanaoamuru ni watu, kisha huiweka amri yao juu ya namba ili ionekane kama sheria ya ulimwengu. Mwalimu wa hesabu aelezaye jambo hili vizuri hawatukani wazee. Awaonyesha watoto tu kwamba kugawanyika kwa mbili ni sifa ya namba, wala si hukumu juu ya mwili wa mtu.

Sasa twafika kwenye swali la pili: namba 366,980 ni shahidi wa namna gani? Hapa hatuwezi kujibu kwa kugawanya. Hapana budi kuuliza nani aliyehesabu, lini, kwa njia gani, na kwa sababu gani.

Wakati ule serikali ya Tanganyika ilikuwa ikitengeneza upya mipaka ya hifadhi. Tume ya mwaka 1957 ilikuwa imekwisha kutoa shauri, na mwezi wa Aprili 1958 wazee kumi na wawili wa Kimaasai walitia sahihi kukubali kuondoka katika nyika za Serengeti. Mwaka 1959 nchi ya Ngorongoro ilitengwa na kuwekwa chini ya mamlaka yake. Kanali Peter Molloy, mkuu wa hifadhi za Tanganyika, ndiye aliyewashauri akina Grzimek kuchunguza wanyama ni wangapi na wahamia wapi. Walihesabu kwa macho, ndege ikipita mstari kwa mstari. Uchunguzi wao wa safari za wanyama uliwaonyesha kwamba makundi huvuka mipaka ile iliyokwisha kupangwa. Michael hakuona mwisho wa kazi. Alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilipoanguka, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro.

Basi namba yao ilitolewa katika saa ya kugawanywa kwa nchi. Waliohesabiwa walikuwa wanyama. Mahame ya watu wa magharibi mwa Serengeti, pamoja na vilima na vijito ambavyo Waikoma na Wanata walivijua kwa majina, havikuwa na tarakimu katika hesabu ile. Yapasa tulikumbuke jambo hilo: namba hujibu lile tu lililoulizwa.

Tena, je, lile lililoulizwa ilijibu sawasawa? Mwaka 1961 wengine walihesabu nyumbu, wakapata zaidi ya 200,000. Tulinganishe. Ili 99,481 ipite 200,000 kwa miaka mitatu, kundi lingepaswa kuongezeka kila mwaka kwa zaidi ya robo yake. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na ndama wengi huliwa na fisi na simba au hufa kwa njaa. Ongezeko la namna hiyo ni shida kulisadiki. Kwa hiyo yatupasa kusema kwamba sehemu ya tofauti ilikuwa katika macho ya wahesabuji, wala si katika uzao. Baadaye wataalamu walithibitisha kwa kupiga picha kutoka angani kwamba mtu aangaliaye kundi kubwa akiwa ndani ya ndege huhesabu pungufu, na kadiri kundi lilivyo kubwa ndivyo apunguzavyo.

Lakini sehemu nyingine ilikuwa ongezeko la kweli. Ugonjwa wa sotoka ulioingia Afrika ya Mashariki yapata mwaka 1890 uliwaua ng'ombe na nyumbu pamoja, ukaendelea kuwaua ndama wa nyumbu hata baada ya mwaka 1950. Ng'ombe wa wafugaji walioizunguka mbuga walipochanjwa, nyumbu nao walipona, ingawa wao hawakuchanjwa. Kwa maana ugonjwa haukupata tena njia ya kuwafikia. Chanjo iliyo bora kuliko zote ilitengenezwa na Walter Plowright katika Muguga, Kenya. Kufika mwaka 1977 nyumbu walikadiriwa kuwa yapata 1,400,000, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Basi katika namba ya nyumbu imo pia kazi ya wachungaji waliowapeleka ng'ombe wao kuchanjwa.

Wala habari haikuishia hapo. Kwa miaka mingi hesabu za ndege zilisema nyumbu ni yapata 1,300,000. Mwaka 2025 wachunguzi waliozisoma picha za satelaiti za miaka ya 2022 na 2023 kwa msaada wa kompyuta walitangaza kwamba waliwaona chini ya 600,000. Wenyewe hawakusema kwamba nusu ya nyumbu wamekufa. Walionya kwamba njia mbili za kuhesabu hazilingani, na kwamba yafaa kuchunguza zaidi. Huo ni usemi wa watu waaminifu.

Wasomaji wetu walio wachungaji watakumbuka kwamba jambo hili si geni katika Maandiko. Daudi alipowahesabu watu, kitabu cha pili cha Samweli chataja wanaume 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati chataja 1,100,000 na 470,000. Hesabu ni moja, mashahidi ni wawili, na hesabu yenyewe ilihesabiwa kuwa kosa. Kadhalika wazee wengi wa makabila ya wafugaji hawapendi kutaja kwa sauti idadi ya watoto wao au ya ng'ombe wao. Wageni waliita jambo hilo ujinga. Lakini mchungaji hujua jioni kwamba ng'ombe mmoja amepotea bila kuhesabu, kwa kuwa amjua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake. Na mtu ambaye mifugo yake ilihesabiwa ili atozwe kodi, au ili apunguziwe, alikuwa na sababu ya kuiogopa namba.

Basi tujumlishe. Kwa hesabu ya Wayunani, 366,980 ni namba ya kuzidi, na itakuwa hivyo milele. Hapana satelaiti itakayoibadili. Kwa ushahidi ni namba pungufu, nasi twajua hivyo kwa sababu watu walirudi kuhesabu tena. Kweli ya kwanza mtoto aweza kuithibitisha mwenyewe kwa kalamu. Kweli ya pili haithibitishwi ila kwa kumwuliza shahidi. Hatari ni pale mtu aionapo namba yenye tarakimu sita, isiyoishia kwa sifuri nyingi, akadhani kwamba kwa kuwa imeandikwa kwa usahihi imeonwa kwa usahihi. Wilaya zetu zimekuwa zikiletewa namba za namna hiyo tangu zamani: za ng'ombe, za ekari, za wanyama, za watoto walioandikishwa shule. Kwa namba hizo mipaka huwekwa na watu huhamishwa.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa walimu wenzetu. Mfundishapo namba kubwa, wapeni watoto kwanza kazi ya kuivunja katika namba zake tasa, wapate kuona kwamba katika hesabu hakuna mkubwa wala mdogo, na kwamba jibu la mtoto wa maskini, likiwa sahihi, ni sawa na la profesa. Kisha wapeni kazi ya pili: waandike kando ya namba hiyo nani alihesabu, mwaka gani, kwa macho au kwa picha, kwa kusudi gani, na ni kitu gani hakikuhesabiwa. Mtoto azoeaye kufanya kazi hizi mbili ataweza siku moja kusimama katika baraza ya kijiji, na itakaposomwa namba, aulize swali lipasalo.